Njia tulivu huendeshwa kwa masikio

Ndugu waendesha baiskeli, wazee wetu mlioanza kukanyaga pedali kabla wengine wetu hatujazaliwa, na nyinyi vijana mliofika leo kwa mara ya kwanza: habari za asubuhi.

Leo ni tarehe 3 Juni, siku ambayo mwaka 2018 Umoja wa Mataifa uliitangaza kuwa Siku ya Baiskeli Duniani. Mzungumzaji wa siku kama hii hutarajiwa kuisifu baiskeli mpaka jua lipande. Naipenda mno baiskeli, na sifa zake mnazijua. Nimeomba nafasi hii nizungumzie jambo moja tu, nalo ni namna tunavyoendesha kwenye njia tulivu za mashambani. Nazungumzia zile njia nyembamba zenye ua wa miti kila upande, ambazo mtu aweza kuzipita nusu saa nzima asikutane na gari. Sote tunazikimbilia kwa ajili ya utulivu wake, na utulivu huo huo ndio unaotusahaulisha.

Niwaeleze yaliyonipata. Ilikuwa asubuhi kama hii, kwenye mteremko ambao nilikuwa nimeuteremka mara nyingi kiasi kwamba nilidhani naujua. Chini kuna kona iliyozibwa na ua mrefu. Nilikuwa nimeinama, mikono imeshika chini ya usukani, cheni iko kwenye gia nzito kuliko zote, na kile kimita changu cha kasi kinasoma kilomita 46 kwa saa. Nikaingia kona. Katikati ya njia walikuwa mzee mmoja na mjukuu wake wa miaka minne hivi, wamechutama wote wawili wanamtazama konokono akivuka lami.

Nikakaza breki zote mbili. Gurudumu la nyuma likateleza, likaanza kunipita ubavuni, nami nikapenya kati ya mtoto na ua kwenye upenyo ambao hata sasa siuelewi, nikaishia mtaroni. Nilipoinuka, magoti yanachuruzika damu, mzee alikuwa tayari amemnyanyua mtoto na kumkumbatia kifuani. Hakunitukana. Aliniangalia kwa muda, akasema: "Hatukukusikia."

Ningeona afadhali angenitukana. Tusi ningeliacha pale pale mtaroni, lakini neno lile nilirudi nalo nyumbani.

Sisi tuna malalamiko mengi dhidi ya wenye magari, na mengi yana haki. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na wapanda pikipiki. Tumezoea kujihesabu upande wa wanaoumizwa. Lakini katika njia ile, asubuhi ile, gari nilikuwa mimi. Ni mimi niliyekuwa na kasi na nisiyesikika, na wanyonge walikuwa wale wawili waliochutama. Jambo hili ndilo ninalotaka tulikubali leo, wakubwa kwa wadogo: kwenye njia tulivu, chombo cha hatari mara nyingi ni sisi.

Wazee wa mchezo huu walilijua hilo tangu mwanzo. Mwaka 1878 huko Uingereza kiliundwa chama cha wasafiri wa baiskeli, enzi za ile baiskeli yenye gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma, ambayo mpandaji hukaa juu kabisa na akigonga jiwe hurushwa kichwa mbele. Miaka michache baadaye vyama vya baiskeli vilianza kusimamisha vibao juu ya milima mikali, kuwaonya wapanda baiskeli wenzao kuwa mteremko ulio mbele ni wa hatari. Magari ya petroli yalikuwa bado hayajaanza kutembea barabarani. Alama hizo ni miongoni mwa alama za mwanzo kabisa za kuonya wasafiri barabarani kwa namna tunayoijua leo, na waliozisimamisha walikuwa wanajionya wao wenyewe. Hilo linanigusa kila nikilifikiria.

Kisha mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry akatoa baiskeli ya magurudumu yanayokaribia kulingana, yenye cheni inayozungusha gurudumu la nyuma, na mpandaji akashuka karibu na ardhi. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1888, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, akapata hataza ya tairi ya upepo aliyomtengenezea mwanawe kwa ajili ya baiskeli yake ya magurudumu matatu. Mskochi mwenzake, Robert William Thomson, alikuwa amepata wazo hilo miaka ya 1840, lakini halikushika. Kabla ya tairi za upepo, baiskeli ilitembea juu ya mpira mgumu au, zamani zaidi, juu ya chuma, na kwenye njia ya mawe uliisikia inakuja. Tairi ya upepo ilitupa raha, kisha ikatunyang'anya kelele. Tangu hapo tunapita kama paka, na anayetembea mbele yetu hana habari.

Sasa niliporudi kwenye ile kona, wiki moja baadaye, nilikwenda kwa miguu. Nilisimama mahali ambapo mtu anayeshuka anaanza kuona upande wa pili, nikahesabu hatua hadi pale walipokuwa wamechutama. Hatua 17. Hazifiki mita 15. Nikakaa juu ya jiwe, nikafanya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya miaka mingi kabla.

Kilomita 46 kwa saa ni karibu mita 13 kwa sekunde. Jicho likiona, mpaka akili iamue na vidole vikaze breki, sekunde moja imekwenda, na wewe umekwenda nayo mita 13 kabla breki haijaanza kazi. Breki nzuri kwenye lami kavu zitahitaji mita nyingine 16 hivi kukusimamisha. Jumla inakaribia 30, na mimi nilikuwa na 15. Kama kungekuwa na changarawe ningehitaji zaidi ya 40. Lakini angalieni kinachotokea kasi ikipungua nusu. Kwa kilomita 23 kwa saa, sekunde ile ya mwanzo inakula mita sita na ushei, na breki zinamaliza kazi kwa mita nne. Jumla ni kumi na kidogo tu. Kasi ikipungua nusu, umbali wa breki unapungua mara nne. Mwenda pole hajikwai, walisema wahenga, na pale juu ya jiwe niliona hesabu yake.

Kwa hiyo kwenye njia nyembamba inayotosha chombo kimoja, nendeni kwa mwendo unaowawezesha kusimama ndani ya nusu ya umbali mnaouona. Nasema nusu kwa sababu anayekuja kutoka upande wa pili naye anahitaji nusu yake. Ua ukikaribia, macho yakiona kidogo, mwendo nao upungue. Na breki zishikwe kabla ya kona, baiskeli ikiwa imesimama wima. Ukizikaza katikati ya kona, imelala, tairi inaombwa kugeuka na kusimama kwa wakati mmoja, nayo itachagua kuteleza. Breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa, msiiogope. Sogezeni uzito nyuma, mkaze kwa kuongeza taratibu. Wengi wetu tulifundishwa utotoni kushika ya nyuma peke yake, tukakua nayo.

Hayo ni ya macho. Sasa niseme ya masikio.

Jaribuni jambo hili mkiwa njiani leo. Endesheni kwa kilomita 30 kwa saa, msikilize. Mtasikia upepo tu, unaovuma masikioni bila kukoma. Shusheni hadi 18, na dunia inarudi: majani, ndege, maji mtaroni, mtu anayekohoa nyuma ya ua. Geuza uso kidogo pembeni na sikio moja linatoka kwenye upepo, unasikia kilicho nyuma yako. Gari linalokuja kwa kasi husikika kwanza kwa matairi yake, ule mvumo wa lami, kabla ya injini. Trekta hulisikia mapema, lakini huwezi kujua lina upana gani wala linavuta nini, kwa hiyo tafuta mahali pa kujibanza kabla hujaliona. Gari la umeme likienda polepole huenda usilisikie mapema, kama wewe usivyosikika. Na ndugu zangu, kwa heshima zote, hizo spika mnazochomeka masikioni ziacheni mfukoni. Mnatoka alfajiri kuutafuta ukimya, halafu mnauziba.

Upepo huo huo unaoziba masikio ndio unaokula nguvu zenu. Ukitaka kuongeza kasi maradufu dhidi ya hewa, nguvu unayohitaji dhidi ya hewa hiyo inaongezeka mara nane. Kati ya 18 na 30 kuna jasho jingi kwa dakika chache mtakazookoa. Sisemi msishindane. Yapo maeneo ya kushindana, barabara pana zenye kuonekana mbali, na huko nami nainama kama nyinyi. Nasema kona ya ua si mahali pake.

Kuna jambo la jua ambalo halisemwi mara nyingi. Asubuhi na jioni, tazama kivuli chako. Kikiwa kirefu na kimelala mbele yako, maana yake jua liko mgongoni mwako, wewe unaona kila kitu kimeng'aa, na unajisikia salama. Lakini kila anayekuja kutoka mbele jua liko machoni mwake. Kivuli chako kinapomwelekea dereva, mchukulie kama hakuoni. Sogea pembeni, washa taa hata kama ni mchana. Na kikiwa nyuma yako, aliye kipofu ni wewe, na huenda aliye mbele yako anatembea kwa miguu.

Nimefika kwenye kengele. Baada ya siku ile nilifunga kengele ya shaba, ile ya kugonga kwa kidole, ambayo sauti yake inakaa hewani sekunde kadhaa. Kwa miaka mingi niliona kengele ni mzigo, gramu za bure kwenye baiskeli niliyoigharimia ili iwe nyepesi. Leo ndicho kifaa ninachokikagua kwanza. Igongeni mbali, mita 30 au 40 kabla, mara moja, kisha mpunguze mwendo. Kengele inayopigwa mgongoni mwa mtu ni fimbo. Inamshtua, naye huruka upande usioutarajia, mara nyingi upande ule ule uliopanga kupita. Mkikaribia, ongeeni. Sauti ya mtu inafanya kazi ambayo chuma hakiwezi. "Habari za asubuhi, tunapita, tuko watatu." Huyo wa tatu mtajeni, maana mwenye kutembea akishampisha wa kwanza hurudi katikati ya njia.

Farasi na ng'ombe nao ni hivyo hivyo. Mnyama anayewindwa amezaliwa na hofu ya kitu kinachomjia kimya kutoka nyuma, na baiskeli ni kitu hicho hasa. Ongea kwa sauti ya kawaida ili ajue ni mtu, mpe nafasi pana, na kundi likiziba njia, shuka usimame. Mbwa anayekukimbiza anafuata mwendo. Mara nyingi ukishuka na kuiweka baiskeli kati yako naye, mchezo wake umekwisha.

Na sasa masikio mengine, ya kuisikiliza baiskeli yenyewe. Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ni sehemu ninayoipenda kuliko zote. Barabara kuu yenye magari haikuruhusu kusikia chombo chako, lakini njia tulivu inakusomea ugonjwa wake kama daktari aliyeweka sikio kifuani. Mnachohitaji ni kuhesabu. Mlio ukija mara moja kila mguu unapozunguka, tafuta kwenye pedali, kwenye mikono yake, au kwenye beringi za katikati. Ukija mara moja kila gurudumu linapozunguka, yaani kila mita mbili na kidogo, tazama tairi, huenda kuna kijiwe au mwiba umeganda, au rimu imepinda inagusa breki. Ukisikika hata unapoacha kukanyaga, usiisumbue cheni, ugonjwa uko kwenye magurudumu. Na kuna ule mlio mdogo, tik, unaokuja kwa zamu isiyolingana na mguu wala gurudumu, mpaka mtu anahisi anachanganyikiwa. Huo ni wa pingili ya cheni iliyokaza. Cheni ina pingili 110 hivi, na ikiwa sahani ya mbele ina meno 50, cheni nzima huzunguka mara moja kwa kila mizunguko miwili na kidogo ya pedali. Hesabu: mbili na kidogo, tik, mbili na kidogo, tik. Simama, zungusha pedali kinyumenyume kwa mkono, tazama cheni inapopita kwenye vigurudumu vidogo vya nyuma. Pingili ile itaruka kama mtu anayechechemea. Ishike kwa vidole gumba viwili, ikunje kushoto na kulia, tone moja la mafuta, na njia inakuwa kimya tena.

Kijana mmoja kati yenu aliniuliza kuhusu upana wa tairi. Jibu langu ni fupi: zile za milimita 23 tulizoziabudu zamani ziwekeni kando, tumieni 28 au 32 kama fremu inaruhusu, na upepo usijazwe hadi tairi iwe jiwe. Kwenye lami mbovu tairi ngumu inarukaruka, na kila mruko ni nguvu iliyopotea na mshiko uliopotea.

Pancha nayo isiwatie hofu, ila msitoke bila tyubu ya akiba, vibanulio vya kuvulia tairi na pampu, maana njia tulivu maana yake ni kwamba huenda hapiti mtu wa kuwasaidia. Kosa ninaloliona kila msimu ni mtu kubadilisha tyubu bila kumtafuta aliyeitoboa. Pitisha vidole polepole ndani ya tairi, mzunguko mzima, mpaka mwiba ukuchome kidogo. Ukiuacha, utaivua tairi hiyo tena kabla ya kijiji kinachofuata.

Kuhusu magari sitasema mengi. Msijibanze ukingoni kabisa, ambako kuna vipande vya vioo, matope na mashimo, na ambako dereva anadhani kuna nafasi ya kupita wakati haipo. Kaeni mbali kidogo na ukingo, yaonekane mabega yenu. Nchini Ufaransa sheria inamtaka dereva aache mita 1.5 anapompita mwendesha baiskeli nje ya miji, na kwenye njia nyingi nyembamba umbali huo haupatikani kabisa. Basi anayepaswa kusubiri asubiri, na penye uwazi sisi tusogee tumpishe, tuinue mkono wa shukrani. Dereva aliyeshukuriwa leo atampita kwa upole yule atakayekutana naye kesho.

Yule mzee nilikutana naye tena, miezi mingi baadaye, kwenye njia ile ile. Mtoto alikuwa amekua, anatembea mbele akichapa majani kwa kijiti. Niligonga kengele juu kabisa ya mteremko, nikagonga tena katikati, nikashuka taratibu kiasi kwamba wangeweza kunihesabu spoku. Nilipowafikia walikuwa tayari wamesimama pembeni, na mtoto ananipungia mkono. Nikashuka, nikamwomba mzee radhi kama ambavyo ningepaswa kufanya siku ya kwanza nikiwa mtaroni, badala ya kuikagua rimu yangu. Akaitikia kwa kichwa, akamwachia mtoto agonge kengele. Aliigonga mara nyingi sana.

Haya, jueni safari yetu ya leo. Ni kilomita 42, tunakwenda wawili wawili penye nafasi na mmoja mmoja panapobana, na hatuachi mtu nyuma. Baada ya kilomita tatu njia inateremka na kuingia kwenye kona yenye miti, hamtaona upande wa pili. Nitakuwa mbele. Kabla ya kona ile nitashika breki mapema na kugonga kengele, na kila aliye nyuma yangu agonge ya kwake, mmoja baada ya mwingine hadi wa mwisho. Kagueni upepo wa matairi, tuondoke.